Kupunguza Kongomeo Bila Kuipoteza Sauti

Upasuaji wa kupunguza kongomeo huchukua saa moja hivi, mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo, na mkato wake kwa kawaida ni wa sentimita 2 au 3 tu. Kwa sababu hiyo wengi huuweka katika fungu la mambo mepesi ya urembo, na hata baadhi ya madaktari huuzungumzia hivyo. Mimi nilifanyiwa upasuaji huo Toronto, Kanada, mji ninaoishi, na nimeona niandike kwa Kiswahili kwa sababu wanaoutafuta miongoni mwetu wapo, nao aghalabu hukutana na matangazo ya hospitali kabla ya kukutana na mtu aliyeupitia. Jambo ambalo matangazo hayo hulipitia kwa sentensi moja, nami ningependa lipewe nafasi kubwa kuliko yote, ni kwamba kinachopunguzwa ni ukuta wa mbele wa kisanduku cha sauti, na kwamba nyuma ya ukuta huohuo, milimita chache chini ya mahali panapokatwa, ndipo nyuzi za sauti zilipofungwa.

Nilizaliwa Mombasa nikaandikishwa kuwa mtoto wa kiume, na tangu nilipokuwa mtu mzima naishi kama mwanamke. Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Hospitali, shule au ofisi ya uhamiaji inapompokea mtu asiyejua Kiingereza hupiga simu, nami huunganishwa ili nitafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili. Wengi ninaowahudumia ni Wakongo wa Kivu na Warundi waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Tanzania, na mara mojamoja mzee wa pwani yetu aliyekuja kuwatembelea wanawe akaugua. Hawanioni, wananisikia tu. Sauti yangu ndiyo inayonilisha, nayo niliipata kwa jasho, kwa mazoezi ya muda mrefu mbele ya mtaalamu wa sauti, hadi wanaonisikia wakawa wananiita mama au dada bila mtu kuwaelekeza.

Ana kwa ana mambo yalikuwa mengine. Watu wa pwani tumelelewa kuitazama shingo. Mwanamke husifiwa kuwa na shingo ya upanga, mkufu wa bibi harusi huchaguliwa kwa kuangalia utakavyomkaa, na mwanamume anayejua kusifu hafiki mbali kabla hajaitaja shingo. Yangu ni ndefu na nyembamba, na katikati yake kongomeo lilikuwa limechomoza kiasi cha kutupa kivuli katika kila picha niliyopigwa kwa ubavuni. Nilikuwa nikizungumza na mtu dukani au kwenye basi, naona macho yake yanashuka kutoka usoni hadi kooni, yanatulia hapo kidogo, kisha yanarudi juu yakiwa yamebadilika. Mtandio ulinisaidia, na wakati wa baridi ya Kanada hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini amejifunga shingo. Lakini mwezi wa Julai Toronto huwa na joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Mombasa analitambua mara moja, na katika basi zima mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nimejifunga koo. Sikuwahi kuona kwamba kongomeo linaniondolea uanamke wangu. Wapo wanawake ambao tangu kuzaliwa walijulikana kuwa wa kike na makongomeo yao yanaonekana wazi, na wapo wanaume wanaolipunguza la kwao kwa sababu tu hawalipendi. Nilichochoka nacho ni kule kushuka kwa macho, kila siku, kila mahali.

Anayefikiria upasuaji huu na aanze kwa kuifahamu shingo yake kwa kidole, kama mtaalamu wangu wa sauti alivyonifundisha. Weka kidole chini ya kidevu, kishushe taratibu katikati ya shingo. Utakutana kwanza na mfupa mwembamba uliojipinda, halafu sehemu laini, halafu ukingo mgumu wenye pengo la umbo la V. Hapo ndipo linapoanzia gegedu la thairoidi (gegedu ni kitu kigumu lakini laini kuliko mfupa, kama kile cha sikioni), lililo kubwa kuliko magegedu mengine yote ya kisanduku cha sauti. Limeundwa na vibao viwili vinavyokutana mbele mithili ya mbao za omo ya jahazi, na pale vinapokutana ndipo kongomeo linapochomoza. Ukiendelea kushuka utapata kijishimo laini, kisha gegedu jingine la umbo la pete lililokaa juu ya bomba la hewa. Meza mate huku kidole kikiwa papo hapo, utahisi chombo chote kinapanda na kushuka kwa pamoja. Kwa wanawake wengi vibao hivyo hukutana kwa pembe pana ya digrii 120 hivi, na kwa wanaume wengi kwa pembe kali inayokaribia digrii 90. Pembe ikiwa kali, ncha hutoka mbele zaidi, na juu ya shingo nyembamba huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Tofauti hiyo huletwa na balehe. Testosteroni, homoni ya kiume, hukikuza kisanduku cha sauti, gegedu hupanuka kuelekea mbele, nyuzi za sauti huongezeka urefu na unene, na sauti ikashuka. Estrojeni, homoni ya kike, anayoitumia mtu baadaye hubadilisha ngozi na mpangilio wa mafuta mwilini, lakini hairudishi nyuma gegedu lililokwisha kukua, wala haiipandishi sauti iliyokwisha kushuka. Nimewahi kushauriwa na watu walionitakia mema kwamba ninenepe kidogo, kongomeo litajificha. Ni kweli kwamba mafuta ya shingoni hulifunika kiasi, ila mtu hawezi kuupanga mwili wake wote kwa ajili ya ncha moja ya gegedu.

Lipo pia jambo ambalo watu hulichanganya mno, nami nimelieleza kwa simu mara nyingi kiasi kwamba nalijua kwa moyo: kupunguza kongomeo hakuipandishi sauti. Operesheni ikienda vizuri, sauti hubaki ileile uliyoingia nayo. Anayetaka sauti ipande ana mazoezi ya sauti, ambayo ndiyo niliyoyafuata, na zipo operesheni za nyuzi za sauti zenyewe. Mjapani Nobuhiko Isshiki alieleza katika miaka ya 1970 namna ya kuzikaza nyuzi hizo kwa kuyasogeza na kuyafunga pamoja magegedu mawili ya mbele, na Mjerumani Jürgen Wendler akaja na namna ya kuzishona sehemu zao za mbele, ili sehemu inayotetema ibaki fupi. Hizo zina manufaa yake na hatari zake, na mtu anayekusudia kufanyiwa mojawapo pamoja na kupunguzwa kongomeo amweleze daktari mapema, kwa kuwa kazi zote zinahusu eneo lilelile dogo.

Hatari ya eneo hilo niliijua kwa uchungu wa mtu mwingine. Rafiki yangu mmoja, aliyeniruhusu kusimulia kisa chake bila kumtaja jina wala nchi alikopasuliwa, alikwenda kwa daktari aliyemwahidi shingo bapa kabisa. Aliamka na shingo bapa kweli. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekwaruza, na katikati ya sentensi ilikuwa inakatika. Wiki za mwanzo aliambiwa ni uvimbe, asubiri. Uvimbe ulipokwisha sauti haikurudi. Daktari mwingine alipopitisha kamera puani mwake aliona kwamba mahali nyuzi zinapojishikiza kwa mbele palikuwa pamelegea, kwa sababu gegedu lilikuwa limekatwa chini kupita kiasi. Nyuzi zilizopoteza mvuto hutetema polepole, na kutetema polepole ndiko kushuka kwa sauti. Alifanyiwa operesheni nyingine ya kurekebisha, akapata nafuu, lakini sauti aliyokuwa nayo kabla hakuipata tena. Tulikuwa tukizungumza kwa simu mara kwa mara, na kwa muda mrefu nilimsikia akipima kila sentensi kama inastahili taabu ya kuitamka. Mwishowe akawa ananiandikia tu.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichoweza kukielewa. Upasuaji huu ulielezwa katika jarida la upasuaji mwaka 1975 na madaktari wawili, Wolfort na Parry, na tangu wakati huo swali lililowashughulisha wanaoufanya ni lilelile: nyuzi za sauti zimejishikiza wapi hasa nyuma ya gegedu? Kwa wastani ni karibu nusu ya njia kati ya pengo la V na ukingo wa chini, lakini wastani haumlindi mtu ambaye shingo yake haifuati wastani. Kwa miaka mingi madaktari walikadiria kwa jicho na kwa mkono. Mwaka 2008 Jeffrey Spiegel wa Boston na mwenzake walieleza njia ambayo kwangu mimi ndiyo iliyoniondolea hofu. Mgonjwa akiwa amelala, kamera nyembamba hupitishwa kooni, daktari huchoma sindano kutoka nje kupitia gegedu, na kwenye skrini huonekana ncha ya sindano inatokea wapi. Ikitokea juu kidogo ya nyuzi za sauti, hapo panawekwa alama, na chini ya alama hiyo hapaguswi. Mwaka 2020 madaktari wa Israel walieleza namna ya kulifikia gegedu kupitia ndani ya mdomo wa chini, ili shingoni kusibaki kovu lolote. Niliifikiria njia hiyo pia, hasa kwa sababu ya ngozi yangu ambayo nitaieleza hapa chini, lakini katika jambo hili nilitaka mkono uliokwisha kuizoea kazi yake.

Daktari wa kwanza niliyemwona aliipapasa shingo yangu, akatabasamu, akasema litaondoka lote. Nilimuuliza atajuaje mahali nyuzi zilipo. Akanijibu kwamba ameshafanya wengi. Nilimshukuru na sikurudi. Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya, ila swali langu lilihusu shingo yangu, na jibu lake lilihusu shingo za wengine.

Wa pili alikuwa mama mmoja, daktari wa masikio, pua na koo anayeshughulika zaidi na sauti. Kabla hajaligusa kongomeo alinipulizia puani dawa ya ganzi, chungu, ikateremka hadi nyuma ya ulimi, kisha akapitisha kamera nyembamba hadi kooni na kuniambia niseme iii, nivute pumzi, niseme iii tena. Kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti, mistari miwili myeupe yenye kung'aa, inakutana na kuachana. Mimi ninayeishi kwa sauti sikuwahi kuviona vitu vinavyoitoa. Nilimwomba aniachie niendelee kutazama, naye akaniachia. Halafu akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye shingo yangu na kunionyesha: kuanzia juu hadi hapa pengine naweza kuondoa, sindano itatuambia kwa hakika, kutoka hapa kwenda chini siwezi. Akaniambia waziwazi kwamba nikiamka nitabaki na kongomeo dogo, kwamba nikiinua kidevu litaonekana, na kwamba kama ninachotaka ni shingo isiyo na kitu kabisa basi nitafute mtu mwingine, kwa sababu yeye hatafanya hivyo. Nilimchagua palepale. Tangu siku hiyo, anayenitaka ushauri wa namna ya kumpima daktari wa kazi hii mimi humwambia amuulize daktari ni sehemu gani ambayo hatakubali kuikata, kisha asikilize kama jibu linatoka haraka na kwa ufasaha.

Aliniuliza umri wangu, na nikafahamu kwamba swali hilo lilikuwa la kitabibu. Gegedu la thairoidi huanza kugeuka mfupa polepole tangu mtu akiwa na miaka ya 20 na kitu. Kwa kijana hukatwa kwa kisu. Kwa mtu wa makamo kama mimi sehemu yake imekwisha kuwa ngumu, na hapo hutumika kifaa kidogo kinachozunguka ili kulisaga badala ya kulikata. Kazi huwa ya subira zaidi, lakini inawezekana vizuri.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Nilipouliza, mpango wa bima ya afya wa jimbo la Ontario haukuwa ukiulipia upasuaji huu, ingawa mwongozo wa matibabu wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, katika toleo lake la 8 la mwaka 2022 unautaja miongoni mwa operesheni zinazohusika. Nililipa mwenyewe maelfu ya dola niliyoyaweka kidogokidogo. Gharama ambayo haimo katika karatasi ya hospitali ni ile ya kunyamaza. Mkalimani wa simu hulipwa kwa dakika anazozungumza, na muda wote ambao koo linapona hakuna dakika. Mwalimu, mwimbaji, mhubiri, mnadi sokoni, karani wa mapokezi, wote hawa wauhesabu muda huo kama sehemu ya bei, tena wauhesabu kwa ukarimu.

Kabla ya siku yenyewe niliambiwa niache aspirini, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na vidonge vya vitunguu saumu, kwa kuwa vyote huifanya damu isigande upesi. Asubuhi ile nikaletewa fomu ya ridhaa. Katika kazi yangu nimewasomea watu wengi fomu za namna hiyo, za kujifungua, za moyo, za mtoto wa jicho, na huwa nazisoma taratibu na kwa sauti moja ili mgonjwa asidhani kwamba neno moja ni zito kuliko jingine. Hii niliisoma mwenyewe, kimya: kutoka damu, maambukizi, sauti kukwaruza kwa muda, kupumua kwa shida, mabadiliko ya kudumu ya sauti. Nilipofika hapo pa mwisho nilisimama kwa muda. Daktari aliniona, akakaa kitandani, akanieleza tena habari ya sindano tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba hajawahi kunieleza. Nikatia saini.

Akanitaka nikae wima, niinamishe kidevu, kisha akachora kwa wino mstari mfupi ndani ya mkunjo ulio chini ya kidevu. Wengi hudhani kwamba mkato hupitishwa juu ya kongomeo lenyewe. Ukipitishwa hapo, kovu linaweza kushikamana na gegedu, na kila mtu anapomeza ngozi ikavutwa juu mbele ya macho ya watu. Yaani aliyetaka shingo isitazamwe amepewa sababu mpya ya kutazamwa. Mkato ukiwa chini ya kidevu unabaki kivulini na mbali na kile kinachopanda na kushuka. Mengine nilisimuliwa baadaye. Misuli myembamba ya shingo ilitenganishwa katikati pasipo kukatwa, utando unaolifunika gegedu ukainuliwa na kuhifadhiwa, sindano ikachomwa, kamera ikaonyesha ncha yake, alama ikawekwa, na sehemu ya juu ya alama ikasagwa na kulainishwa kingo zake. Utando na misuli vikarudishwa mahali pake. Daktari aliniambia kwamba sindano ilitokea juu kidogo kuliko alivyokadiria kwa ukucha, kwa hiyo aliondoa kidogo kuliko alivyotarajia. Nilimshukuru kwa hilo kuliko jambo jingine lolote alilonifanyia.

Kilichouma ni kumeza. Kila tonge, hata mate, lilipita mahali palipojeruhiwa, maana kisanduku chote hupanda mtu anapomeza na hakuna namna ya kukipumzisha. Niliishi kwa uji wa mchele uliopoa, supu, na ndizi zilizopondwa, na nililala kichwa kikiwa juu ya mito. Niliagizwa nisizungumze siku za mwanzo, na nisinong'one pia, jambo lililonishangaza, kwa sababu wengi hudhani kwamba kunong'ona ni kuipumzisha sauti. Nikieleza kwa maneno ya mtaalamu wangu, mtu anayenong'ona kwa nguvu huikaza misuli ya koo kuliko anayezungumza kwa upole. Niliandika kila kitu.

Shangazi yangu wa Kisauni, ndiye aliyenilea, hajui kuandika ujumbe wa simu na hapendi kujifunza, hivyo hutuma sauti. Nilikuwa nimemweleza mapema kwamba nitanyamaza. Jioni ya kwanza ikaja sauti yake: "Mwanangu, leo mimi nitasema na wewe utasikiliza. Wala usijibu. Kunyamaza nako ni dawa, na daktari hakukosea." Nikamwandikia, nikijua mjukuu wake atamsomea: "Shikamoo shangazi. Nimekunywa uji. Kumeza kunauma, ila napumua vizuri." Akajibu: "Marahaba, mwanangu. Hilo la kupumua ndilo nililokuwa nikilingoja." Alikuwa ameshika lililo la muhimu. Baada ya upasuaji wa shingo damu inaweza kukusanyika chini ya ngozi ikaibana njia ya hewa, na dalili zake ni shingo kuvimba ghafla, ngozi kukaza, pumzi kuwa nzito au kutoa mluzi. Mtu akiziona dalili hizo hapigi simu kuulizia miadi, anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Ndiyo sababu asiye na mtu wa kulala naye nyumba moja usiku wa kwanza asikubali kuruhusiwa kwenda nyumbani peke yake, na anayesafiri hadi nchi nyingine kwa ajili ya upasuaji huu asipange ndege ya kurudi kwa haraka, hata kama nauli ya siku hiyo ni nafuu.

Wiki za mwanzo shingo yangu ilikuwa nene kuliko ilivyokuwa kabla, na mbele palikuwa na uvimbe mgumu ambao ungeweza kuapa kwamba ni kongomeo limerudi. Madaktari husema uvimbe huo hupungua kwa miezi, nao hupungua kweli, lakini anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi haoni miezi, anaona asubuhi. Niliacha kutazama. Sauti nilipoanza kuitumia ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, na mara yangu ya kwanza kumwamkia shangazi kwa sauti nilisikia kitu ambacho sikukitaka kabisa. Nilimfikiria rafiki yangu. Mtaalamu wa sauti alinianzisha upya na mazoezi mepesi, kuvuma huku midomo imefungwa, kupuliza hewa ndani ya maji kupitia mrija, na akanikataza kuisukuma sauti kwenda juu ili kuijaribu. Mkwaruzo ulipungua taratibu, kisha ukaisha.

Kuhusu kovu, nina neno kwa wenye ngozi nyeusi. Sisi huota makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, kwa urahisi kuliko watu weupe, na mimi nilikuwa nalo moja sikioni tangu nilipotobolewa. Nilimwonyesha daktari mapema, na nashauri kila mtu afanye hivyo, hata asipoulizwa: alama ya ndui, ya chale, ya kutobolewa masikio, ya upasuaji wa zamani, yote aonyeshwe. Kwa kuwa alikuwa amejua, hakuningoja nije kulalamika. Jeraha lilipofunga alinipa jeli ya silikoni ya kupaka, akaniagiza nilifiche kovu na jua, na alipoona ncha moja inaanza kunenepa na kuwasha aliichoma sindano ya dawa ya steroidi kabla haijawa kubwa. Ilituama. Sehemu ile ina weusi uliozidi kidogo, nao umo ndani ya mkunjo, na mpaka sasa sijamwona mtu akiutazama.

Mtaalamu wa sauti alinirekodi tena nilipokuwa tayari kurudi kazini. Kabla ya operesheni sauti yangu ya mazungumzo ilikuwa karibu na hezi 180, yaani nyuzi kutetema mara 180 kwa sekunde, kiwango kilichomo katika eneo la sauti za wanawake, na safari hii ilikuwa palepale. Nilirudi kwenye simu siku iliyofuata. Simu ya kwanza ilitoka katika wodi ya wazazi, mama mmoja wa Uvira akitaka kujua kwa nini mtoto wake amewekwa chini ya taa ya buluu, na kwa muda wa mazungumzo yale sikulikumbuka koo langu hata mara moja.

Kongomeo dogo limebaki, kama nilivyoambiwa. Nikitazama mbele halionekani. Nikicheka na kuinua kichwa linaonekana, hasa mwanga ukitoka upande mmoja. Mtandio naufunga ninapoutaka, na wakati wa joto nauacha nyumbani. Macho ya watu bado hushuka mara mojamoja, kwa kuwa watu ni watu, lakini hayatulii. Katika ukaguzi wa mwisho nilimuuliza daktari kama kuna chochote kinachoweza kuongezwa. Alipitisha kamera tena, akanionyesha kwenye skrini mahali nyuzi zilipojishikiza na jinsi ukingo mpya wa gegedu ulivyo karibu napo, akasema hapana. Nami nilikuwa nimemaliza kutaka. Miadi iliyobaki kati yetu ni ya kovu peke yake.